Sayansi ngapi kwa muhula wa kwanza?

Kila ikifika Agosti, simu yangu hujaa picha za ratiba. Ninawasaidia wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo, wanaotaka udaktari na fani nyingine za afya, somo la kemia hapa Maryland, Marekani, na wazazi wa jamii yetu wameshanijua, kwa hiyo ratiba hunifikia kabla vipindi havijaanza. Nyingi zinafanana kama mapacha: Kemia ya Jumla na maabara yake, Baiolojia na maabara yake, Kalkulasi, Kiingereza, na kile kipindi kimoja cha kumzoesha mgeni mazingira ya chuo. Jumla krediti 16, ndicho kipimo cha uzito wa masomo. Chini yake swali moja: "Anko, iko sawa?"

Mwaka jana picha moja ililetwa na baba mtu mwenyewe. Alikuwa ametoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, sare bado mwilini, akaiweka simu mezani kabla chai haijamiminwa. Ratiba ya binti yake ilikuwa imepita kwa mshauri wa masomo wa chuo. Mshauri alikuwa ametoa Baiolojia, akabakiza Kemia na Kiingereza, akaongeza Saikolojia, na mahali pa Kalkulasi akaweka Takwimu. "Ndugu yangu," baba akasema, "mtoto ametoka sekondari na A tupu za sayansi. Wameona sura ya Kiafrika, wanamrudisha nyuma." Binti alikuwa pembeni anazungusha kikombe, hasemi neno.

Hofu ya mzazi huyu haikutoka hewani. Watoto wetu, wa Kitanzania, wa Kikenya, na hasa wa Kikongo waliofika hapa kupitia kambi za wakimbizi, wapo walioambiwa usoni kwamba udaktari ni mlima mrefu, wafikirie kitu kingine, kabla yeyote hajatazama alama zao. Kuna na hesabu ya miaka. Kemia ni mnyororo: Kemia ya Jumla mihula miwili, Kemia Ogania mihula miwili, kisha Baiokemia. Mihula mitano, na hakuna kiungo unachoweza kukiruka. Anayeanza mwaka wa kwanza muhula wa kwanza huumaliza Desemba ya mwaka wa tatu, akafanya MCAT, mtihani wa kuingia vyuo vya udaktari, miezi michache baadaye, akatuma maombi kiangazi hicho. Akichelewa mwaka mmoja, vyote vinasogea mwaka mmoja. Kwa familia inayolipa kodi ya nyumba kwa mishahara miwili ya zamu, mwaka mmoja ni fedha nyingi.

Hata hivyo, kwenye mabishano haya naona mshauri ndiye anayehukumiwa bila kusikilizwa. Kinachomsukuma, mara nyingi, ni hesabu ambayo wazazi wetu hawajawahi kuonyeshwa, kwa sababu kule tulikotoka haipo.

Nyumbani Tanzania, mtoto aliyemaliza kidato cha sita na PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, akichaguliwa MUHAS, chuo kikuu cha tiba Muhimbili, ameshaingia udaktari: miaka mitano darasani na wodini, kisha mwaka wa mafunzo kazini. Akiteleza kuna sapu, anarudia mtihani na kuendelea na wenzake. Anachokiogopa ni kudisko, yaani kufukuzwa chuo. C ya mwaka wa kwanza haimkoseshi usingizi. Hapa Marekani, ukiacha programu chache, hakuna aliyeingia udaktari akiwa mwaka wa kwanza. Unasoma shahada yako ya miaka minne, ya baiolojia au hata ya historia, huku ukikusanya kozi zinazotakiwa, ndipo unaomba. Waombaji wa vyuo vya udaktari vya shahada ya MD huzidi 50,000 kwa mwaka, wanaopata nafasi ni kama 23,000, na wastani wa GPA, ile alama ya jumla ya mwanafunzi, kwa wanaoingia siku hizi unapita 3.7 kati ya 4.0. Na ile C ya mtoto wa miaka 18 aliyekuwa bado anatafuta darasa liko jengo gani, nayo imo kwenye faili, inasomwa.

Maombi ya vyuo vingi vya MD hupitia mfumo uitwao AMCAS. Mfumo huu hukokotoa GPA ya kozi zote, kisha hukokotoa nyingine ya Baiolojia, Kemia, Fizikia na Hisabati peke yake. Ukirudia kozi, gredi zote mbili huhesabiwa, hata kama chuo chako kimeifuta ile ya kwanza kwenye hesabu zake. Vyuo vya osteopathia, vinavyotoa shahada nyingine ya udaktari iitwayo DO, vilikuwa vikihesabu gredi ya marudio tu. Navyo viliacha mwaka 2017. Sapu ya kufuta makosa haipo.

Nilimwomba baba yule karatasi, tukakokotoa pamoja. Tuchukue ile ratiba ya sayansi tatu, tuseme muhula umeenda vibaya kwa namna ninayoiona kila Desemba: Kemia C, Baiolojia C+, Kalkulasi D, kila moja krediti 4. Kila krediti ya A ni pointi 4, ya C+ ni 2.3, ya C ni 2, ya D ni 1. Pointi za sayansi ni 21.2 kwa krediti 12, yaani GPA ya 1.77. Tuseme hadi atakapoomba atakuwa na krediti 50 za sayansi na hisabati. Zimebaki 38. Sasa tumpe A katika kila moja, asikosee tena popote, Kemia Ogania A, Fizikia A, Baiokemia A. Anafika 3.46. Hilo ndilo dari lake. Hata akijifungia maktaba miaka mitatu, halipandi.

Baba aliirudia hesabu ile mara mbili kwa kikokotoo cha simu. Mimi nimeirudia mara nyingi kuliko hizo, kwa sababu kila mwaka namtafuta mtoto aliyeanza hivyo akafika udaktari bila kuchelewa, na simpati. Wapo wanaopanda, wanaorudi shuleni baada ya shahada kusoma kozi za ziada, na wanafika. Lakini wanafika kwa miaka na mikopo, na wote walianza na ratiba ambayo mtu mzima aliitazama akasema iko sawa. Krediti chache alizowahisha Septemba zinamgharimu mwaka mzima baadaye. Halafu yule aliyeogopwa kuchelewa angekuwa na wenzake wengi njiani: zaidi ya nusu ya wanaoingia vyuo vya udaktari Marekani leo wamepumzika angalau mwaka mmoja baada ya shahada ya kwanza.

Kuna na jeraha lisiloonekana kwenye GPA. Donald Barr wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walichapisha mwaka 2008 utafiti wao juu ya wanafunzi walioingia chuoni hapo wakiutaka udaktari. Hamu ilipungua zaidi kwa wanawake na kwa wanafunzi wa jamii zenye madaktari wachache, weusi wakiwemo, na sababu iliyojitokeza kuliko zote ni mambo kuwaendea vibaya kwenye kozi za kemia. Hiyo ni Stanford, mahali ambapo hakuna aliyeingia kwa kubahatisha. Mtoto hupata C moja, akajiambia hakuumbwa kwa kazi hii, akabadili njia kimya kimya na wazazi wakajua baada ya mwaka.

Upande wa baba una shahidi mzito, na sitaki kumficha. Katikati ya miaka ya 1970, Uri Treisman, wakati huo mwanafunzi pale Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliwafuatilia wanafunzi 20 weusi na 20 wenye asili ya Kichina waliokuwa wakisoma Kalkulasi. Walimu walidhani weusi wanafeli kwa kukosa msingi au bidii. Alichokiona ni kwamba wengi wao walipiga msuli peke yao, kila mtu chumbani kwake, wakati wale wa asili ya Kichina walikutana jioni, wakalinganisha majibu, wakasahihishana. Masomo ya kuziba mapengo hayakuwa yamewasaidia weusi. Kilichowainua ni vikundi vilivyopewa maswali magumu kuliko ya darasani. Ukimpeleka mtoto mwenye uwezo kwenye kozi nyepesi kwa huruma, unamwumiza.

Nakubaliana na Treisman kwa kila neno, na bado namtetea mshauri, kwa sababu kupunguza idadi ya sayansi ni jambo moja na kushusha ngazi ya sayansi ni jambo jingine. Binti alibakiziwa Kemia ile ile wanayosoma wote, na maabara ile ile ya muda wa saa tatu. Saikolojia aliyopewa tunaiona ya kujazia nafasi, lakini tangu 2015 sehemu moja kati ya nne za MCAT ni saikolojia na sosholojia. Chuo Kikuu cha Xavier cha Louisiana, chuo kidogo cha Kikatoliki pale New Orleans kilichoanzishwa kwa ajili ya Wamarekani weusi, kimekuwa kwa miaka mingi mstari wa mbele kupeleka wahitimu weusi kwenye vyuo vya udaktari. Wengi wao hawakutoka shule za kifahari. Kilichowafikisha ni mazoezi ya kila wiki, majaribio ya mara kwa mara na vikundi vya kusoma. Mambo hayo yanataka muda, na mwenye krediti 16 zenye maabara mbili na kazi ya dukani wikendi hana muda huo.

Pahali pa kupigana kwa ajili ya ngazi ni pengine, na huwa tunapitiwa. Ni ule mtihani wa kupanga hisabati, unaoamua mtoto aanzie ngazi gani. Vyuo vingi hutumia ALEKS. Hufanywa kiangazi, mara nyingi nyumbani, na nimewaona watoto wakiufanya wamelala kwenye kochi na televisheni inaongea. Alama ikiwa ya chini, mtoto anapelekwa aljebra ya kurudia sekondari, na bila hisabati ya kutosha hafunguliwi mlango wa Kemia ya Jumla. Hapo ndipo mwaka unapotea kweli. Vyuo vingi huruhusu kuurudia baada ya kujifunza upya. Mzazi mwenye hasira aipeleke hasira yake huko, Juni na Julai, kabla ya kugombana na mshauri Agosti.

Imebaki Kalkulasi dhidi ya Takwimu. Wazazi wa Tanzania hili tulipaswa kulielewa mapema kuliko wote, maana waliosoma PCB walisoma BAM, hisabati nyepesi zaidi, wakawaachia hisabati nzito wenzao wa PCM, wa Fizikia, Kemia na Hisabati, na hakuna aliyewaita wavivu. MCAT haina Kalkulasi hata swali moja, lakini imejaa majedwali na matokeo ya tafiti za kutafsiri. Vyuo vingi vya udaktari vinakubali Takwimu, ingawa vichache bado vinataja Kalkulasi. Na Takwimu si hisabati ya wanyonge. Chukua ugonjwa ulio kwa mtu 1 kati ya 100, na kipimo kinachowanasa wagonjwa kwa asilimia 90 huku kikiwasingizia wazima kwa asilimia 9. Mgonjwa amepimwa, jibu limerudi chanya, anakuuliza: daktari, ninao? Kati ya watu 1,000, wagonjwa ni 10 na kipimo kinawanasa 9. Wazima ni 990 na kipimo kinawasingizia kama 89. Kwa hiyo waliopata chanya ni 98, wagonjwa wa kweli 9. Mtu mmoja kati ya kumi na moja. Daktari asiyejua hesabu hii atamtisha mtu bure.

Lakini fani za afya haziko sawa. Uuguzi na fiziotherapia kwa kawaida hutaka Takwimu, pamoja na anatomia na fiziolojia. Famasia mara nyingi hutaka Kalkulasi. Na aliyemaliza PCB nyumbani akaja na viza ya mwanafunzi ameshaiona sehemu kubwa ya Kemia ya Jumla. Huyo anaweza kubeba sayansi mbili, na krediti zake hazitakiwi kushuka chini ya 12. Ajue pia mapema kwamba vyuo vingi vya udaktari havipokei wasio raia wala wenye grini kadi, jambo zito kuliko ratiba yoyote.

Nilipofika hapo nikamgeukia binti. Nikamwuliza anataka nini hasa. Akamtazama baba yake, akasema, "Famasia, anko."

Baba hakuwa analijua hilo. Mshauri naye, binti akatuambia, alisoma tu neno "afya" kwenye fomu, hakuuliza zaidi. Wote wawili walikuwa wamekosea kwa mtoto huyu: mmoja kwa Baiolojia aliyoing'ang'ania, mwingine kwa Kalkulasi aliyoifuta. ALEKS alikuwa ameipita vizuri. Tukaandika upya: Kemia ya Jumla, Kalkulasi, Kiingereza, Saikolojia. Krediti 14. Baiolojia Januari.

Baba akauliza yeye afanye nini sasa. Nikamweleza habari ya vikundi, kwamba mtoto asisome peke yake chumbani, atafute wenzake watatu au wanne wa Kemia na wakutane kila wiki mahali pamoja. Akafikiri, akamwambia binti yake, "Jumatano mimi nipo zamu, sebule inakuwa wazi na meza ni kubwa. Waite hapa nyumbani. Mama yako atawapikia."