Kifaa kinajifunza tabia zako, sasa nyumba ya wapangaji 6 kitajifunza ya nani?

Vifaa janja siku hizi sio tena taa ya kuwashia kwenye simu, watengenezaji wanataka vishike tabia yako kabisa, unaamka saa ngapi, feni unawasha saa ngapi, halafu vijiendeshe vyenyewe bila kukuuliza. Nest ya Marekani ilitoka 2011, ni kidhibiti joto cha ukutani, ukikigeuzageuza siku chache kinashika ratiba yako, na 2014 Google wakainunua kampuni nzima kwa dola bilioni 3.2. Mi naamini walichokitaka zaidi pale ni zile tabia za watu.

Faida ipo na naikubali. Joto la Dar la Februari mnalijua, AC ikijizima yenyewe chumba kikiwa hakina mtu hiyo ni LUKU imeokolewa. Na mabasi ya mikoani yakifungwa VTS, kile kifaa cha kufuatilia mwendo wa gari cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, dereva akizidisha spidi 80 anaonekana, kwa sisi abiria huo ni uhai, ingawa mashine haijui kama jamaa ana usingizi au anakimbizwa na tajiri wake, na ndo maana madereva wengine wanazichezea hizo VTS.

Sasa twende Tandika, nyumba ya vyumba 6, mita moja ya umeme. Mbele kuna fundi cherehani anapiga pasi nguo za wateja mpaka saa nne usiku, uani dada ana friji la barafu za kuuza, chumba cha kati kijana mlinzi wa usiku anarudi asubuhi analala na feni. Weka sensa, yaani kifaa cha kuhisi, kwenye mita hiyo, itajifunza mtu mmoja asiyelala kabisa, anayepiga pasi usiku na kugandisha barafu alfajiri. Mtu huyo hayupo! Ukiiweka chumbani kwa mlinzi ndo balaa, kalala hajigeuzi, kifaa kinahesabu chumba kitupu, feni inazimwa saa saba mchana.

Halafu taarifa zenyewe. Strava, app ya wakimbiaji, walitoa ramani ya mazoezi ya watu mwishoni mwa 2017, haikupita miezi mitatu watu wakaanza kuona humo kambi za jeshi, maana wanajeshi walikuwa wanakimbia na saa zao mkononi. Grafu ya umeme nayo inasema nyumba ina watu saa ngapi na haina saa ngapi, mwizi angeipenda sana.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo, ya 2022, imeanza kazi 1 Mei 2023, na inaongelea ridhaa. Ila pale Tandika mita ina jina la mwenye nyumba na tabia ni za wapangaji, sasa ridhaa anatoa nani? Mimi ningesema wapangaji, kila mtu kwa chumba chake, na kitufe cha kukataa kiwe ukutani mle mle ndani anapokifikia yule mlinzi akiamka na jasho, kisiwe kwenye simu ya mwenye nyumba anayekaa Mbezi.