Sikupigwa Pembe, Tuelewane

Kuna mtu, anajijua, anakaa Chumbageni na hela yangu ya chipsi hajanirudishia, amesambaza sauti kwenye magrupu kwamba mgombea uhariri "kapigwa pembe na mbuzi, kaingia mtaroni". Sikupigwa pembe. Na mtaroni sikuingia, niliketi ukingoni. Mguu mmoja ndio uliotangulia.

Gazeti letu la ukutani mnalijua. Lilikuwepo kabla baadhi ya wahadhiri hawajaoa, na mhariri wake hateuliwi na mkubwa yeyote, anapigiwa kura. Mgombea anabandika kurasa zake za mfano ubaoni nje ya bwalo, anasimama mbele yake, anajinadi. Basi nikakesha na manila na makapeni. Gundi ya dukani bei mbaya, nikakoroga uji mzito wa ngano, nikautia chumvi usiote ukungu, kama alivyonielekeza fundi mabango mmoja wa Ngamiani.

(Mliofuga mbuzi mmeshaanza kucheka. Subirini.)

Nikaanza na Kiongozi, gazeti lililoanza kuchapwa hapa hapa Tanga mwaka 1904, kwenye shule ya serikali enzi za Mjerumani. Kimya. Nikahamia Marekani: Harvard Crimson, lipo tangu 1873, Franklin Roosevelt aliliongoza akiwa mwanafunzi, urais wa nchi ukaja baadaye. Jamaa wa mbele anachokonoa meno. Nikaingia London, kwa Felix la Imperial College, la tangu 1949, nalo mhariri wake huchaguliwa kwa kura na nembo yake ni paka.

Hapo kicheko kikaanza.

Nikajua nimewapata. Nikakunja mikono ya shati. Kila nikisema neno, watu hoi. Dada mmoja kajifunika mtandio usoni, mabega yanamcheza. "Kaulimbiu yao," nikapaza sauti, "ni paka aachwe huru!"

Mmoja akauliza kutoka nyuma: "Na mbuzi je?"

Nami, wallahi, kwa kujiamini kabisa: "Na mbuzi pia!"

Walipoanza kukaa chini kwa kucheka ndipo nikasikia manila inachanika nyuma yangu. Taratibu, bila haraka yoyote. Nikageuka. Beberu mweupe, doa jeusi jichoni, kasimama kwa miguu ya nyuma, kwato za mbele kaziegemeza kwenye tahariri yangu. Ukurasa wa michezo ulishakwenda, Coastal Union na African Sports wote tumboni. Mdomoni kinaning'inia kipande cha picha yangu, kuanzia puani kushuka chini. Anatafuna, ananitazama. Ametafuna kidevu. Amelamba ubao palipokuwa na kidevu. Kairudia pua.

Nikashika upande wa paji la uso, nikavuta. Naye akavuta. Tukawa hivyo, simu zote juu, mpaka mama muuza mihogo akaja mbio na upawa mkononi.

"We mwanangu! Muachie mbuzi wangu, atasakamwa!"

"Shikamoo mama. Kanilia gazeti langu."

"Marahaba. Sasa gazeti gani linanukia uji? Si umempikia mwenyewe?"

Nikaachia. Kumbe beberu naye alikuwa amejipanga kwa mvuto wa mwisho. Kilichobaki mkononi mwangu ni nyusi mbili, na mimi huyo kinyumenyume hadi ukingoni mwa mtaro. Narudia: ukingoni.

Suruali imefuliwa. Mihogo ya mama nimenunua, nikala, mitamu. Jioni kura zikapigwa. Zangu zilizidi za mpinzani wangu kidogo tu, lakini karatasi zilizoandikwa MBUZI kwa mkono zilitupita wote wawili. Kamati ya uchaguzi ikajifungia, ikasoma kanuni mstari kwa mstari, ikatoka ikanitangaza mimi. Mbuzi hakuchukua fomu.