Mlimani au Morogoro?

Binti wa kaka yangu amechaguliwa vyuo viwili kwa kozi ileile, Sayansi na Teknolojia ya Chakula: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kilichoko Morogoro. Anatakiwa athibitishe kimoja kabla dirisha halijafungwa. Baba yake hana swali. "Mlimani, mwanangu. Chuo walichosoma Kikwete na Magufuli unakiachaje?" Binti anaizungusha simu kiganjani, kisha ananigeukia: "Shangazi, wewe unasemaje?"

Kaka hakosei kuithamini Mlimani. Chuo kilichoanza 1961 na kitivo cha sheria kina jina linalofungua mlango hata nje ya nchi, na maktaba yake iliyofunguliwa 2018 inaingiza watu 2,100 kwa wakati mmoja. Mimi nalipa uzito zaidi jambo lisilotajwa sana: kijana wa miaka kumi na tisa hubadili mawazo. Pale atalala chumba kimoja na mwanasheria, atapanga foleni ya chakula na mhandisi, na siku akitaka kufungua kampuni ana wa kumpigia.

Lakini tukumbuke SUA ilitoka wapi. Hadi 1984 ilikuwa kitivo cha Mlimani hiyohiyo, kilichokaa Morogoro. Kilipojitenga kiliondoka na walimu wake, mashamba na mifugo. Mlimani imerudi kufundisha kilimo na chakula miaka ya karibuni tu, ilhali Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, kazi hiyo haijawahi kusimama. Mwanafunzi wa chakula pale anaishi na zao lenyewe: maziwa yakikamuliwa alfajiri, nyanya ikianza kulainika kabla haijafika sokoni.

Na ajira? Matangazo ya serikali hutaja shahada, kisha "kutoka chuo kinachotambuliwa na Serikali", basi. Kwenye usaili wa kuandika karatasi haijui umetoka wapi. Inauliza kwa nini maziwa yameganda. Kampuni binafsi ni habari nyingine. Huko bosi humkumbuka aliyesoma naye chuo kimoja, na hapo kaka yangu ana hoja.

Angekuwa amepata kozi ya mazao au udaktari wa mifugo, ningemwambia Morogoro bila kumung'unya maneno. Kozi ya chakula inanipa ugumu kidogo kuamua, kwa sababu ubora wa kozi hauishii darasani. TBS, Shirika la Viwango Tanzania, linalosimamia usalama wa chakula tangu 2019, makao yake makuu yako Ubungo, jirani kabisa na Mlimani, na viwanda vingi vya unga na vinywaji viko Dar es Salaam. Kwa anayetafuta nafasi ya field, yaani mafunzo kwa vitendo, huo si umbali wa kupuuza.

Hata hivyo, naegemea Morogoro. Kiwandani Dar anaweza kuja wakati wa field. Shamba na ng'ombe haviwezi kumfuata Mlimani.

Sikumwamulia. Nimemwambia atafute mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa kozi hiyo kila chuo, awaulize mambo mawili: kwa wiki wanaingia maabara mara ngapi, na kifaa kimoja wanagawana wangapi. Wa Morogoro amejibu jana usiku kwa sauti ya dakika sita. Wa Mlimani bado tunamsubiri.