Nilivyoiba Tasnifu Yangu

Barua kutoka Kurugenzi ya Masomo ya Uzamili ilikuwa na aya mbili. Ya kwanza ilinipongeza kwa kufikia hatua ya kuwasilisha tasnifu. Ya pili ikanifahamisha kwamba asilimia 97 ya tasnifu hiyo nimeiiba kwa mwanafunzi mwenzangu wa chuo hikihiki, hivyo nijieleze kwa maandishi kabla Kamati ya Maadili haijakaa.

Asilimia 97! Mwizi mwenye akili zake hafiki huko. Yeye huvamia sura ya pili, ile ya mapitio ya maandiko, akageuza "aidha" kuwa "vilevile", akaenda zake kulala. Ili ufike 97 ni lazima ubebe na hojaji, na majedwali, na makosa ya tahajia. Na kweli, makosa ya tahajia yalikuwa yaleyale, mahali palepale.

Kwa asiyewahi kuiona, ripoti ya ufanano, ile inayotolewa na mfumo wa kompyuta unaolinganisha kazi yako na kazi za wengine, iko hivi. Kushoto kuna tasnifu yako nzima, na kila fungu la maneno lililokutwa kwingine limepakwa rangi na kupewa namba. Kulia kuna orodha ya vyanzo, kila kimoja na namba, rangi na asilimia yake, kikubwa kikiwa juu. Ripoti ya mtu wa kawaida huwa na vyanzo vingi vidogo vidogo, vingi vikiwa chini ya asilimia moja, na kurasa zake zina madoadoa ya kila rangi. Yangu ilikuwa nyekundu kuanzia jalada hadi kiambatisho cha mwisho. Chanzo namba 1: "Kazi ya mwanafunzi", asilimia 95. Jina la mwanafunzi halikuwepo, maana mfumo huficha jina la mwenye kazi ili kumlinda.

Nikafungua ukurasa wa Tamko. Ile sentensi ya kwamba mimi ninayetia sahihi hapa chini natamka kuwa tasnifu hii ni kazi yangu halisi na haijawahi kuwasilishwa popote, ilikuwa nyekundu neno kwa neno. Chini yake, jina langu nalo lilikuwa jekundu. Yaani jamaa nilikuwa nimemwibia mpaka jina.

Sehemu pekee iliyosalimika ni Shukrani, ambazo niliziandika mwishoni kabisa. Na hata hapo sentensi ya kwanza, ya kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kunijalia afya na uzima, ilipakwa zambarau kwa kuwa imekutwa kwenye tasnifu za watu chungu nzima. Kwa mujibu wa mashine, nilichokitunga kwa akili yangu mwenyewe katika shahada nzima ya uzamili ni aya moja ya kumshukuru mama.

Karani wa uzamili alinipokea bila chuki. Akavuta droo, akatoa fomu yenye sehemu tatu: A ya mtuhumiwa, B ya mwenye kazi, C ya msimamizi.

"Kaka, wewe jaza A. B atajaza mwenye kazi."

"Mwenye kazi ni mimi, dada."

"Wewe ni A."

"Nipo A na B pia. Angalia jina hapa kwenye Tamko, limepakwa rangi. Ni langu."

Akaangalia. "Majina yanafanana," akasema. Kisha, kwa kuwa nakala ilikuwa mezani na yeye ni mtu wa kazi, akachukua rula akapima pambizo ya kushoto. "Halafu hii ni milimita 37. Inatakiwa 40."

Nikamwuliza kama pambizo nazo nimeiba.

"Hapana, hizo ni zako."

Suala la pambizo nalimaliza hapahapa kwa sababu linasumbua wengi. Faili lilikuwa limewekwa saizi ya Letter, ambayo ni milimita 216 kwa 279, likachapwa kwenye A4, ambayo ni 210 kwa 297. Ukichapa bila kubadili vipimo, zile milimita 6 za upana zinazozidi hukatwa nusu kila upande, na pambizo yako ya 40 inatoka 37. Kwenye skrini kila kitu kinaonekana sawa. Kwa hiyo weka A4 kwenye faili zima, kila sehemu kivyake, maana ukurasa wa jalada ulionakiliwa kutoka kielelezo cha mtu mwingine unaweza kuja na saizi yake. Pambizo hiyo wanaing'ang'ania kwa sababu ya jalada gumu: anayejalidi hula sehemu ya upande wa kushoto, na pambizo ikiwa nyembamba herufi za mwanzo wa mistari zinazama kwenye mshono.

Turudi kwenye wizi. Aliyenifumbua macho ni kaka mmoja wa uzamivu, mkongwe wa chuo kiasi kwamba wahadhiri wengine humwamkia. Aliitazama ripoti akacheka hadi akakaa chini. "Nani alikupakilia rasimu?" Nikamwambia Profesa, msimamizi wangu, ili tuone hali kabla ya kuwasilisha. "Basi uliyemwibia ni wewe."

Mwalimu anapofungua folda ya kupokelea kazi, mfumo humpa chaguo: kazi zihifadhiwe kwenye hazina, au zikaguliwe tu bila kuhifadhiwa. Ikihifadhiwa, kila kitakachopakiwa baadaye kitalinganishwa nayo. Ukirudia kupakia kwenye folda ileile kwa akaunti ileile, toleo jipya hufuta la zamani, hakuna neno. Balaa ni folda mbili au akaunti mbili. Rasimu yangu ilipita kwa akaunti ya Profesa kwenye folda yenye kuhifadhi, kwa kuwa ndivyo ilivyokuja na hakuna aliyeigusa. Toleo la mwisho likapita kwa akaunti ya maktaba. Mashine haikuwa na namna ya kujua kwamba Profesa na maktaba wanamzungumzia kijana mmoja.

Mwenzangu mwingine aliyekuwa pale akanipa dawa yake: nibadilishe kila "a" kwa herufi ya Kirusi inayofanana nayo, na kati ya maneno nijaze herufi nyeupe zisizoonekana kwenye karatasi nyeupe. Tafadhali usijaribu. Mifumo ya siku hizi huinua bendera ikikuta herufi ngeni katikati ya neno au maandishi yaliyofichwa, na hapo mtu aliyekuwa na tuhuma moja ya uongo anapata ya pili ambayo ni ya kweli.

Mkutubi anayeshughulikia ripoti alikuwa mama mpole mwenye miwani iliyofungwa kamba. Akajaribu vichujio kwanza. Cha kwanza huondoa orodha ya marejeo, na hufanya kazi vizuri ikiwa kichwa cha marejeo kimekaa peke yake kwenye mstari. Ukikiunganisha na kitu kingine, mfumo unaweza kupita bila kukiona. Cha pili huondoa nukuu, ila zile zilizofungwa kwa alama za nukuu mbili mbili, kwani za moja moja mfumo wetu ulikuwa hauzioni. Cha tatu huondoa mifuatano mifupi ya maneno, kwetu chini ya maneno 10, ili "kwa mujibu wa matokeo ya utafiti huu" isihesabiwe kuwa ni mali ya mtu. Akaviwasha vyote vitatu. Kutoka 97 tukashuka hadi 96.

"Angalau tumeanza," akasema.

Ilibidi sasa athibitishe kwamba Chanzo namba 1 ni mimi. Lakini kazi iliyo kwenye folda ya mwalimu mwingine haifunguki hivihivi. Unabonyeza kitufe cha kuomba ruhusa, na ombi linakwenda kwa barua pepe kwa mwenye folda. Mama mkutubi akabonyeza. Likakataliwa. Akabonyeza tena. Likakataliwa tena.

Jioni simu ikaita. Ni Profesa, aliyekuwa likizo ya utafiti mbali.

"Shikamoo Profesa."

"Marahaba kijana. Sikiliza, usimwambie mtu. Kuna mtu pale maktaba anainyemelea tasnifu yako. Kaniomba mara mbili, nimemkatalia zote. Wasilisha haraka kabla hajakuibia."

"Profesa, anayeiomba ni mimi."

"Unaiomba ya nini, na wewe unayo?"

"Ili nithibitishe kwamba sikuiiba."

"Kwa nani?"

"Kwangu."

Simu ikawa kimya, nikadhani salio limekata. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na mgonjwa, "Kijana, umepumzika lini?"

Nilipomaliza kumweleza, akaruhusu. Mama mkutubi akaifungua kazi ya yule aliyeibiwa, na juu kabisa likatokea jina la faili: Tasnifu_ya_mwisho_wallahi_2. Akanigeukia, akashusha miwani, akaomba nifungue kompyuta yangu. Kwenye folda yangu kulikuwa na Tasnifu_ya_mwisho, Tasnifu_ya_mwisho_kweli, Tasnifu_ya_mwisho_wallahi, na hiyo yenye 2. Ushahidi wa namna hiyo hauhitaji wakili.

Akakiondoa Chanzo namba 1 kwenye hesabu. Ripoti ikaanguka kutoka 96 hadi 11. Hapa kuna jambo linalowachanganya hata wahadhiri: kwa nini 11, wakati 95 ikitoka kwenye 96 inabaki 1? Ni kwa sababu kila fungu la maneno huandikwa kwa chanzo chenye ufanano mkubwa kuliko vyote, na vidogo hufichwa chini yake. Kile kikubwa kikiondolewa, vya chini vinachomoza. Vilivyochomoza kwangu vilikuwa vya kawaida: majina marefu ya sheria, maelekezo ya hojaji sanifu niliyoiazima kwa kuitaja, na fomula za takwimu, ambazo hakuna binadamu anayeweza kuzieleza kwa maneno mapya. Kikomo cha idara kilikuwa asilimia 20. Mashine yenyewe haihukumu wizi. Inahesabu maneno yaliyokutwa kwingine, inagawa kwa maneno yote, basi. Aliyenukuu kwa haki na aliyekwapua wanahesabiwa sawa mpaka binadamu akae asome. Kwetu, binadamu alisoma asilimia akaandika barua.

Kamati ikakaa. Nikaulizwa kama nina uhusiano wowote na mwenye kazi. Nikasema tunaishi pamoja. Mwenyekiti hakucheka, ila mjumbe mmoja alikohoa kwa muda mrefu kuliko kikohozi cha kawaida. Uamuzi ukatoka: rasimu ya zamani ifutwe kwenye hazina, kisha tasnifu ipakiwe upya ili jalada langu la ofisini liwe na ripoti safi, isiyo na chanzo kilichoondolewa kwa mkono.

Kufuta si kubonyeza tu. Mwenye folda hutuma ombi, msimamizi wa mfumo wa chuo huliidhinisha, na kazi ikishafutwa hairudi, pamoja na ripoti yake. Profesa akaomba, ikaidhinishwa, rasimu ikaenda. Mama mkutubi akafungua folda mpya ya marudio, akapakia.

Asilimia 100.

Tulitazamana. Chanzo namba 1: "Kazi ya mwanafunzi", iliyowasilishwa mwezi huohuo. Ilikuwa ni ile nakala ya kwanza ya maktaba yenyewe, ambayo nayo ilihifadhiwa na hakuna mjumbe aliyeamuru ifutwe. Safari hii Shukrani nazo zilikuwa nyekundu. Hata mama nilikuwa nimemwiba.

Ukiwa na msimamizi anayekusikiliza, mwombe rasimu zote azipitishe kwenye folda isiyohifadhi, na hazina ibaki kwa nakala iliyokwisha pita kwa watahini. Ukishachelewa, njia fupi ni ileile ya kuondoa chanzo na kuandika maelezo ya mstari mmoja kwa nini kimeondolewa, na mkutubi atie sahihi na muhuri. Ndivyo mama alivyofanya, bila kuiuliza Kamati. Ikatoka 11 ileile, akaibana na maelezo yake, akanipa kwa mikono miwili.

Karani akapokea nakala zote, akapima pambizo, akapata 40. Akagonga muhuri, akaandika namba kwenye daftari. Kisha akalipitisha jicho daftari lote, akanitazama kwa huruma.

"Na yule mwenzako uliyemwibia, mbona ya kwake hajaleta? Mwambie tunafunga Ijumaa."