Kabla ya jina la chuma, uliza ugumu wake

Penye wapenzi wa visu hapakosi majina: 440C, VG-10, D2, S30V. Mtu akishajua jina la chuma, anahisi amekijua kisu. Mimi sikubali. Jina linakueleza kilichochanganywa kwenye chuma. Halikuelezi fundi alikifanyia nini baadaye, na hapo ndipo kisu kinapopatikana au kuharibika.

Chukua 440C. Ina takriban asilimia 1 ya kaboni na asilimia 16 hadi 18 ya kromiamu. Ili iwe ngumu hupashwa moto kupita nyuzi 1,000 za Selsiasi, hupozwa haraka, kisha hupashwa tena kwa joto la chini ili isiwe ya kuvunjika ovyo. Fundi makini ataifikisha 58 au 59 kwenye Rockwell, kipimo cha ugumu wa chuma. Anayelipua kazi ataiacha laini, na kisu chake kitakuwa butu upesi, ingawa ubavuni kimechongwa jina lile lile.

Hata suala la kutu lina mtego wake. Chuma huhesabiwa kuwa hakishiki kutu kikiwa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5 hivi. D2 ina karibu asilimia 12, lakini ukiiacha na unyevu utaona madoa. Sababu ni kwamba D2 ina kaboni nyingi, kama asilimia 1.5, na kaboni hiyo huikamata kromiamu na kuunda nayo chembe ngumu. Chembe hizo husaidia makali kudumu, ila kromiamu iliyofungwa humo haikingi tena kutu.

Chuma ninachokipenda kuliko vyote ni kile cha kaboni, mfano 1095, chenye takriban asilimia 0.95 ya kaboni, manganizi kidogo na karibu hakuna kingine. Ndiyo, kinataka kufutwa mara tu ukimaliza kazi. Kikigusa limau kinabadilika rangi hapo hapo, na kadiri kinavyotumika ubapa wote unakuwa wa kijivu chenye ubuluu. Rangi hiyo haina ubaya, tena hupunguza kasi ya kutu nyekundu. Lakini kiweke kwenye jiwe la kunolea uone. Baada ya muda mfupi, pitisha kidole gumba taratibu kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali: utahisi kijinyuzi cha chuma kimejikunja upande wa pili. Geuza kisu, kiondoe kijinyuzi hicho kwa mkono mwepesi, na karatasi itakatika bila kuchanika.

S30V haikupi raha hiyo kirahisi. Ina asilimia 4 ya vanadiamu, na chembe zinazotokana nayo ni ngumu kuliko mawe ya kawaida ya kunolea, kwa hiyo ni vizuri uwe na jiwe la almasi. Makali yake hudumu sana, hilo sibishi. Kwa asiye na jiwe hilo, siku yakiisha yameisha.

Inaniudhi pia kuona X50CrMoV15 ikidharauliwa. Ina nusu asilimia ya kaboni, kromiamu 15, na ugumu wa kama 56. Wanaiita laini. Lakini jikoni, ambako kisu hugonga mfupa na kuoshwa kwa haraka, makali yake hupinda badala ya kumeguka, na fimbo ya kunolea huyanyoosha papo hapo. VG-10 ya ugumu wa 60 hukata vizuri na kwa muda mrefu zaidi, ila ukiipindisha ndani ya mfupa, kipande cha makali kinaweza kubaki humo.

Tena kuna pembe ya makali. Chuma cha kawaida kilichonolewa nyuzi 15 kila upande, kwenye ubapa mwembamba, kitakata vizuri kuliko chuma cha kifahari chenye ubapa mnene. Kwa hiyo nikiona kisu kinauzwa kwa jina la chuma pekee, bila kutajwa ugumu wala pembe, nakirudisha kilipokuwa.