Filta ya koni au boksi la kiwandani kwa Subaru yenye tabo

Mwenye Forester XT au Impreza WRX iliyoagizwa Japani, zile za injini ya EJ205 ya lita 2.0, akitaka nguvu zaidi huanza na filta ya hewa. Inaeleweka. Filta ya koni, ile inayokaa wazi chini ya boneti badala ya boksi la filta lililokuja na gari, hufungwa kwa bisibisi na klipu mbili, injini haiguswi, na mlio wa tabo (turbo, feni inayoendeshwa na moshi wa ekzosi na kuisukumia injini hewa) ikivuta hewa husikika hadi kiti cha nyuma. Wanaoitetea husema boksi la kiwandani linaibana tabo. Wanaoipinga husema koni hunyonya hewa ya moto iliyo chini ya boneti. Pande zote mbili zina ukweli, lakini zote huruka mambo mawili yanayoamua kama injini itadumu: hewa inapimwaje, na inachujwaje.

Hoja ya kubanwa ina uzito zaidi Nairobi kuliko Mombasa. Ufukweni presha ya hewa ni takriban kilopaskali (kPa) 101. Nairobi, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, ni kama kPa 82. Tuseme kompyuta ya injini inataka kPa 200 ndani ya manifoldi, yaani mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda. Mombasa tabo inazidisha presha mara 1.98, Nairobi mara 2.44. Sasa weka filta iliyojaa vumbi inayokula kPa 5 kabla hewa haijaifikia tabo: Mombasa kazi inapanda hadi mara 2.08, Nairobi hadi 2.60. Tabo ndogo kama TD04 ya mengi ya magari haya hufika ukingoni mwa uwezo wake hapo. Huzunguka kasi zaidi, hupasha hewa zaidi, na ekzosi hubanwa zaidi. Kwa hiyo mtu wa Nairobi au Eldoret anayelalamika kwamba gari linakosa pumzi hazushi.

Ila kabla ya kulilaumu boksi, pima. Tafuta geji ya vakyumu inayosoma kPa 0 hadi 10, iunganishe kwa mpira mwembamba kwenye bomba lililo kati ya filta na tabo, kisha panda gia ya tatu, kanyaga mafuta hadi mwisho, na msaidizi asome geji injini ikikaribia mizunguko 6,000. Rudia ukiwa na filta mpya ya karatasi. (Usitumie mpira wenye maji ulioinamishwa kama herufi U, maana maji yanaweza kuvutwa moja kwa moja hadi kwenye tabo.) Kipimo cha kawaida cha kuihesabu filta ya gari dogo kuwa imekwisha ni ukinzani kupanda kPa 2.5 juu ya ilivyokuwa mpya. Maana yake filta chafu inaweza kukunyang'anya kiasi kilekile unachotarajia koni ikupe. WRX ya soko la Japani ilitoka kiwandani na nguvu farasi 250 ikivuta hewa kupitia boksi la aina hii. Kama tabo yako ni ya asili na kompyuta haijaguswa, sioni boksi lenye filta safi likikubana kwa kiasi cha kuhangaikia.

Hoja ya joto hupigiwa kelele kuliko inavyostahili. Chukua hewa ya nyuzi 30 na tabo yenye ufanisi wa asilimia 70 inayozidisha presha mara mbili: hewa hutoka ikiwa na nyuzi 125 hivi. Ukiipa hewa ya nyuzi 50 kutoka chini ya boneti, hutoka na nyuzi 151. Tofauti ni kubwa, lakini bado kuna intakula, kipoza hewa kilicho kati ya tabo na injini. Ikiwa intakula inaondoa asilimia 70 ya joto lililozidi lile la nje, hewa ya kwanza inaingia kwenye injini na nyuzi 58, ya pili nyuzi 66. Nyuzi 20 za mwanzo zimebaki nane. Kwenye foleni ya Mombasa Road hali ni mbaya zaidi, kwa sababu gari halisogei na intakula ya Subaru iliyokaa juu ya injini nayo imepashwa moto. Hata hivyo hakuna anayekanyaga mafuta hadi mwisho akiwa kwenye foleni. Nyuzi nane hazidharauliki kwa injini iliyopangiwa petroli ya oktani 100 inayouzwa Japani huku ikinyweshwa ya kwetu yenye oktani ya chini. Lakini kwa sababu hii peke yake nisingemkataza mtu koni.

Ningemkataza kwa sababu ya sensa ya hewa. Kwenye EJ205 sensa hii imekaa mara tu baada ya filta, na ina waya wa moto unaopozwa na hewa inayopita. Waya hauoni hewa yote. Unaona kasi ya hewa katikati ya bomba, na kompyuta hukadiria iliyobaki kwa kuamini kwamba upana wa bomba ni uleule wa kiwandani. Ukitoa bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 65 ukaweka la milimita 70, eneo linaongezeka kwa asilimia 16. Hewa ileile itapita polepole zaidi, na sensa itasoma pungufu kwa karibu asilimia 14. Kompyuta itatoa mafuta pungufu kwa kiasi hichohicho. Unapoendesha taratibu, sensa ya oksijeni kwenye ekzosi huligundua pengo na kompyuta huongeza mafuta. Ukikanyaga hadi mwisho, kompyuta hufuata majedwali yake, na yale iliyojifunza hujaza pengo kwa sehemu tu. Mchanganyiko uliopangwa kuwa sehemu 11.5 za hewa kwa moja ya mafuta unaweza kusogea kuelekea 13.3. Gari litahisi jepesi, na mwenyewe atafurahi kwamba koni imefanya kazi. Kumbe injini imeanza kugonga, yaani mchanganyiko unalipuka ovyo ndani ya silinda, na kinachovunjika kwanza ni kingo za pistoni zinazoshika ringi.

Hata bomba likiwa na upana sahihi, mahali pa kuifunga sensa panahitaji uangalifu. Ikikaa mara tu baada ya kona, au koni ikigusana nayo, hewa hufika ikizungukazunguka na waya hupokea ishara inayorukaruka. Dalili yake ni injini kupanda na kushuka yenyewe gari likiwa limesimama. Filta za pamba zinazopakwa mafuta zina balaa la ziada: ukizipaka kupita kiasi, mafuta hurukia waya, vumbi hunasa juu yake, na usomaji hushuka. Waya husafishwa kwa dawa ya kupuliza iliyotengenezwa kwa ajili ya sensa hiyo, bila kuugusa kwa kidole wala kitambaa.

Uthibitisho upo kwenye skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Angalia marekebisho ya mafuta ya muda mrefu (long term fuel trim), yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta imezoea kuongeza au kupunguza, kabla na baada ya kubadilisha chochote. Yakibaki ndani ya asilimia 5 juu au chini, uko salama. Yakipita 10 kwa kuongeza, simama utafute sababu. Ikiwa ongezeko ni kubwa injini ikiwa imetulia na linapungua ukikanyaga, kuna hewa inayoingia bila kupimwa. Ikiwa linapanda kadiri mzigo unavyoongezeka, sensa inasoma pungufu.

Vumbi nalo lina deni lake. Gurudumu la tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kwa kasi hiyo chembe za mchanga hula ncha za mapezi yake. Zinazopita hapo huenda kusaga ringi na silinda. Karatasi nzuri hunasa vumbi laini la barabara za murram kuliko pamba inayopitisha hewa kwa urahisi, na huo urahisi ndio bei yake. Lakini karatasi nayo hushindwa ikitumiwa vibaya. Filta ya bei ya kutupa mara nyingi ina ukingo mgumu wa mpira usioziba, na klipu moja iliyovunjika kwenye boksi inatosha kuliacha pengo. Pitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba baada ya filta: kikitoka chekundu, vumbi linapita pembeni. Na ile tabia ya kuipiga filta kwenye tairi iachwe, maana hufungua mikunjo na kuchana karatasi. Kwenye njia za vumbi ikague kila kilomita 5,000 na uibadilishe kwenye 10,000.

Sehemu inayosahaulika ni bomba la mpira linaloingia kwenye tabo, lililojificha chini ya manifoldi. Kwa miaka ya joto na mvuke wa oili hupasuka, hasa pale linapopokea mipira midogo. Ufa hapo huvuta hewa isiyopimwa, na pengine yenye vumbi. Kulipima, ziba upande wa sensa kwa kifuniko cha PVC chenye vali ya tairi, bana mipira ya kupumulia ya injini ili usilipue sili za oili, jaza hewa isiyozidi baa 0.5, kisha paka maji ya sabuni kwenye maungio. Vilevile acha vali inayoachia presha unapotoa mguu ibaki ikirudisha hewa ndani ya bomba. Ikimwaga nje, kompyuta inakuwa imeshatoa mafuta ya hewa iliyopotea. Utaona moshi mweusi ukibadilisha gia, plagi zenye masizi, na injini kuzima ukifika kwenye taa.

Koni ina mahali pake: tabo ikibadilishwa kuwa kubwa, au geji ikionyesha boksi lenye filta mpya bado linakula kPa 4 au 5. Hapo ifunge ndani ya kizuizi cha bati la alumini chenye mpira unaogusa boneti, ukiacha mdomo wa mbele wa kiwandani uendelee kuleta hewa kutoka juu ya rejeta. Tumia kishikio cha sensa chenye kipenyo cha ndani kile kile cha zamani. Kama lazima kiwe kikubwa, fedha za kurekebisha jedwali la sensa kwenye kompyuta zitengwe kabla ya kununua bomba, na gari lisikanyagwe hadi kazi hiyo iishe. Bomba refu linaloishusha filta nyuma ya bampa lina hewa baridi kweli, ila mvua za masika zikijaza barabara, koni iliyo sentimita 30 kutoka ardhini itanyonya maji, na maji hayabanwi ndani ya silinda. Konrodi, chuma kinachoishika pistoni, hupinda kwa mzunguko mmoja tu.