Kozi ya Word na Excel: inampa mtu kazi au cheti tu?

"Ujuzi wa kompyuta: Word, Excel, PowerPoint, intaneti na barua pepe." Mstari huu umejaa kwenye wasifu za wanaotafuta kazi za ofisini kiasi kwamba anayezichambua huupita bila kuusoma. Ndiyo maana ubishi hauishi. Wapo wanaosema kozi ya kompyuta ni pesa iliyopotea, kwa kuwa kila mtu anayo na haimtofautishi yeyote. Wapo wanaosema asiyekuwa nayo hana pa kuanzia. Pande zote mbili zina hoja za kweli, ila mara nyingi hazibishanii kitu kimoja: mmoja anazungumzia cheti, mwingine anazungumzia kazi yenyewe inayofanyika mbele ya kompyuta.

Tuanze na wanaopinga, maana hoja yao ni nzito kuliko inavyochukuliwa. Kozi nyingi hufundisha vitufe. Mwanafunzi anaonyeshwa kukoleza maandishi, kuweka rangi, kuingiza picha. Wiki inayofuata anahamia PowerPoint, kisha Access, kisha Publisher. Anamaliza akiwa amezipitia programu sita, na hakuna hata moja anayoweza kuifanyia kazi bila kushikwa mkono. Mpe orodha ya majina 400 iliyojazwa na watu watatu tofauti, umuulize ni wangapi wameandikwa mara mbili, atakaa ahesabu kwa macho. Wanaongeza kwamba siku hizi akili mnemba hutunga barua na fomula kwa sekunde chache, kwa hiyo kukariri hakuna maana. Na ni kweli pia kwamba kujua Excel hakuzalishi nafasi hata moja ya ajira. Kama hakuna anayeajiri, fomula hazitakuajiri.

Wanaotetea wana jibu linalotoka ndani ya ofisi. Kazi za kuingiza data, stoo, masijala, mapokezi na malipo hazimtaki mtu awe mtaalamu wa kompyuta. Zinamtaka asiharibu kumbukumbu. Usaili wa kazi hizo mara nyingi huwa na jaribio la vitendo: faili moja, maelekezo mafupi, dakika 20 au 30. Aliyesoma vitufe hukwama hapo, na aliyesoma kazi hupita. Kuhusu akili mnemba, fomula inayotungwa huko haijui data yako ina uchafu gani, na jibu lenye makosa halitoi kengele. Atakayelishtukia ni yule anayejua jibu sahihi linapaswa kufanana na nini.

Upande huu wa pili ndio wenye uzito zaidi, na sababu yake inaonekana ukiitazama Excel kwa karibu. Makosa yake mengi hayapigi kelele.

Andika namba ya simu inayoanza na sifuri, sifuri inatoweka, kwa sababu programu imeichukulia kuwa kiasi. Andika namba ya akaunti yenye tarakimu 16, ya mwisho inageuka 0, kwa kuwa Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba. Kubadilisha muundo wa seli baadaye hakuirudishi tarakimu iliyopotea. Safu inatakiwa iwekwe kwenye muundo wa maandishi kabla ya kuanza kujaza. Kinyume chake nacho kipo: namba zilizoletwa kutoka mfumo mwingine huingia kama maandishi, zinakaa upande wa kushoto wa seli, na SUM, fomula ya kujumlisha, inaziruka kimyakimya. Jumla inaonekana nzuri, kumbe pungufu. Mara nyingi dawa ni kuchagua safu hiyo, kufungua Data, kisha Text to Columns, kisha Finish. Zikigoma bado, huenda kuna nafasi isiyoonekana ambayo hata TRIM, fomula ya kuondoa nafasi za ziada, haiiondoi; =VALUE(SUBSTITUTE(A2,CHAR(160),"")) huimaliza.

Halafu kuna VLOOKUP, fomula ya kutafuta jina au namba kwenye orodha na kuleta taarifa zake, inayoulizwa sana kwenye majaribio. Iandike hivi: =VLOOKUP(A2,Orodha!$A$2:$D$500,4,FALSE). Ukiacha FALSE, programu hutafuta jibu la kukaribia, na kwenye orodha isiyopangwa inaweza kukuletea mshahara wa mtu mwingine bila onyo lolote. Ukisahau alama za $, eneo la kutafutia linateremka kila unapoburuta fomula chini, na majina ya mwanzo wa orodha yanaanza kutoa #N/A, yaani hayakupatikana. Hatari kubwa kuliko zote ni kupanga safu moja peke yake huku nyingine zikibaki palepale: majina yanahama, mishahara haihami, na faili likishahifadhiwa na kufungwa hakuna Ctrl+Z, ya kutendua kosa, itakayokuokoa. Chagua jedwali zima, na fanya kazi kwenye nakala.

Si makosa ya wanafunzi tu. Mwaka 2020 nchini Uingereza, visa 15,841 vya Corona viliachwa nje ya takwimu za kila siku kwa sababu data ilipitishwa kwenye faili la aina ya zamani, .xls, ambalo mwisho wake ni mistari 65,536. Faili la .xlsx hubeba mistari 1,048,576. Kujua tofauti hiyo ni ujuzi wa msingi kabisa, na gharama ya kutoijua ilionekana.

Word ina mambo machache zaidi. Anayesogeza maandishi kwa kubonyeza nafasi mara kumi atakuta kila kitu kimepinda kwenye kompyuta nyingine. Tumia Tab, tumia Ctrl+Enter kuanza ukurasa mpya, na vichwa vya habari viweke kwa Styles, mitindo iliyo tayari ndani ya Word, ili orodha ya yaliyomo itengenezwe na programu yenyewe. Mail Merge, inayotoa barua 200 zenye majina tofauti kutoka orodha moja, inastahili siku mbili za mazoezi. PowerPoint inaweza kusubiri. Kuchapa kwa vidole vyote hakusubiri. Anayetafuta herufi moja moja huishiwa muda wa jaribio kabla hajafika kwenye fomula.

Cheti basi? Kina kazi pale tangazo linapokidai, kwa kuwa bila hicho ombi lako halifiki mezani. Lakini si vyote vyenye uzito sawa. Mtihani wa Microsoft Office Specialist hufanywa ndani ya programu yenyewe kwa kutekeleza majukumu, na hiyo ni tofauti kubwa na karatasi ya kuthibitisha kwamba ulihudhuria darasa. Kabla ya kulipia kozi, uliza swali moja: mtihani wa mwisho ni wa kuandika majibu au wa kutengeneza faili? Kama ni wa kuandika, tafuta kozi nyingine. Asiye na Excel anaweza kujifunzia LibreOffice Calc, ambayo ni ya bure. VLOOKUP, SUM na TRIM zina majina yaleyale humo.

Muda ugawe bila usawa: theluthi mbili kwenye majedwali, kinachobaki kwa Word na barua pepe. Kila juma chukua orodha chafu, isafishe, itolee muhtasari kwa PivotTable (jedwali la Excel linalojumlisha data kwa makundi), iandikie ukurasa mmoja wa maelezo, itume kama kiambatisho chenye jina linaloeleweka. Ukifanya hivyo mara nane, ule mstari wa wasifu unabadilika: "Nasafisha na kuunganisha orodha kwa VLOOKUP, natoa muhtasari kwa PivotTable, naandaa barua kwa Mail Merge." Usiandike humo kitu usichoweza kukifanya mtu akiwa amesimama nyuma yako, kwa sababu atasimama.

Na usizoee XLOOKUP, fomula mpya inayofanya kazi ya VLOOKUP, peke yake, hata kama ni rahisi zaidi. Excel 2016 na 2019 hazina fomula hiyo. Kwenye kompyuta ya usaili yenye mojawapo ya matoleo hayo, ukiiandika utapata #NAME?, yaani Excel haiitambui, na dakika zako zinakwenda.